Hasidi na Mwivu: Dhamira ya Husuda na Imani Thabiti katika Masimulizi na Mahubiri

Miongoni mwa dhamira zinazorudiwarudiwa katika mahubiri na nyimbo za kwaya mjini Uvira, husuda imeshika nafasi ya mbele. Muumini husifiwa kwa kusimama imara mbele ya wale wanaomwonea wivu, na huahidiwa kwamba siku moja wataaibika. Makala haya yanakusudia kuihakiki dhamira hiyo kwa kuziangalia kazi tatu: kisa cha Yusufu katika kitabu cha Mwanzo, Zaburi ya 73, na Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952. Hoja inayotetewa ni kwamba masimulizi haya yanamtazama zaidi yule anayehusudu, ilhali mahubiri mengi humtazama yule anayehusudiwa. Tofauti hiyo si ndogo, na madhara yake hayaishii kanisani.

Inafaa kuanza na msamiati. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, hutumia maneno matatu ambayo msikilizaji wa kawaida huyachukua kuwa kitu kimoja. Wivu ni neno la asili ya Kibantu, tena lina pande mbili: limo katika orodha ya matendo ya mwili katika Wagalatia 5, na wakati huohuo hutajwa kuwa sifa ya Mungu katika Kutoka 20. Husuda, yenye asili ya Kiarabu, haina upande mwema; ndiyo iliyowafanya wakuu wa makuhani wamtoe Yesu kwa Pilato, kama isemavyo Mathayo 27. Kijicho, kinachotajwa katika Marko 7, kimeundwa kutokana na jicho kwa kiambishi cha udogo. Basi kijicho ni jicho lililopungua, jicho lisiloweza kuipokea heri ya mwingine kwa ukubwa wake. Hata kitenzi kinachoandamana na wivu kinatokana na kuona: mtu humwonea mwenziwe wivu. Lugha yenyewe imekwisha kueleza kwamba ugonjwa huu uko katika jicho la mtazamaji, wala hauko katika mali inayotazamwa.

Kisa cha Yusufu hupendwa sana na wahubiri, na kwa kawaida husimuliwa kwa hatua nne: kanzu, shimo, gereza na kiti cha enzi. Uthabiti wa imani huonekana kuwa ngazi ya kumpandisha aliyeonewa. Lakini msimulizi wa Mwanzo hakuishia hapo. Katika sura ya 43, ndugu wanapoketi mezani Misri, Benyamini anapewa chakula mara tano kuliko wenzake. Jambo hili si pambo la karamu. Ni mtihani: upendeleo uleule ulioleta chuki miaka mingi nyuma unawekwa tena mbele ya macho yaleyale. Safari hii ndugu wanakula na kunywa bila kinyongo. Katika sura ya 44, Yuda, ambaye ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu, anajitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Kilele cha kisa, kwa hiyo, hakipatikani katika cheo cha Yusufu peke yake. Kinapatikana pia katika kupona kwa Yuda. Msikilizaji asiyesimuliwa sura hizi mbili amenyimwa nusu ya kisa, nayo ndiyo nusu inayomhusu zaidi.

Shaaban Robert, ingawa hakuwa Mkristo, aliliona jambo hilo kwa uwazi mkubwa. Katika Adili na Nduguze aliwapa ndugu wawili wa Adili majina yasiyoficha kitu: Hasidi na Mwivu. Walimtosa ndugu yao baharini kwa sababu ya baraka alizopata. Huria, jini aliyemwokoa, akawageuza kuwa manyani, na Adili akaamriwa kuwapiga kila usiku. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba wahusika wenye majina ya namna hii ni bapa, na kwamba mwandishi anahubiri kuliko kusimulia. Lalamiko hilo lina haki yake. Hata hivyo, ufundi wa hadithi umo katika adhabu yenyewe: anayeshika mjeledi anaumia pia. Adili hafurahii kuaibika kwa nduguze. Na hadithi haitulii mpaka Mfalme Rai aingilie kati na manyani warudishiwe ubinadamu wao. Ushindi dhidi ya husuda, katika fikra za Shaaban Robert, ni ndugu kurudi kuwa ndugu.

Zaburi ya 73 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa msemaji wake ndiye mwenye wivu. Asafu anakiri kwamba miguu yake ilikaribia kuteleza alipoona kufanikiwa kwa waovu. Hamsingizii yeyote, wala haombi alindwe dhidi ya macho ya watu. Anaingia patakatifu akiwa na jicho lake bovu, na humo mtazamo wake unabadilika. Mali ya waovu haikupungua siku hiyo. Kilichobadilika ni kipimo anachotumia kuipimia. Hapa ndipo maana ya imani thabiti inapofafanuka: si ukuta wa kuwazuia majirani, bali ni kushikwa mkono na Mungu wakati mtu mwenyewe anapoteleza.

Umuhimu wa hoja hii unaonekana wazi ukishuka bandarini Kalundu. Wavuvi wa ndagala hutoka usiku kwa taa, na alfajiri kila chombo huonekana kimeleta nini. Mmoja amejaza, mwingine amerudi mtupu, na wote wamevua katika maji yaleyale. Katika mazingira kama hayo, mahubiri yanayomfundisha kila mtu kwamba yeye ndiye Yusufu yanaacha swali moja bila jibu: nani basi ni ndugu zake? Jibu hutafutwa kwa jirani, na pengine kwa mwanamke mzee asiye na mtetezi. Mwaka 2021, katika sehemu kadhaa za Kivu Kusini, wanawake waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Hakuna anayeweza kusema kwamba mahubiri pekee ndiyo yaliyozaa vifo hivyo. Lakini lugha inayozoea kumtafuta mwenye kijicho nje ya nafsi ya msemaji huwa tayari imeandaa kidole cha kunyooshea.

Itapingwa kwamba wako wanaohusudiwa kweli, na kwamba huwezi kumnyima faraja aliyechomewa nyumba au aliyeharibiwa nyavu zake. Pingamizi hili ni sahihi, na Yusufu mwenyewe ni ushahidi. Lakini faraja anayopewa na kisa chake haimwachi katika kulipiza kisasi: katika sura ya 50, nduguze wanapomwogopa baada ya kifo cha baba yao, anakataa kukikalia kiti cha Mungu cha hukumu.

Kwa mwambao wa wavuvi, Injili zina mifano miwili iliyo karibu zaidi. Katika Luka 5, nyavu zilipoanza kukatika kwa wingi wa samaki, Simoni na wenziwe waliwapungia mkono washirika wa chombo cha pili, na vyombo vyote viwili vikajaa. Katika Yohana 21, Petro huyohuyo, akiwa ufuoni, anageuka na kuulizia habari za mwanafunzi mwingine. Anajibiwa kwamba hilo halimhusu, yeye afuate. Mahubiri yatakayoisikiliza mifano hiyo hayatapoteza nguvu yake. Yatakachopoteza ni adui aliyezoeleka, na badala yake yatampata ndugu katika chombo cha pili.