Nani Alimtenda Nani? Van Gogh, Hiroshige na Neno "Athari"

Hakuna neno linalopendwa katika vichwa vya tasnifu zetu kama "athari". Tuna athari za Kiarabu katika Kiswahili, athari za fasihi simulizi katika riwaya, na sasa wanafunzi wanaochanganya lugha na sanaa wanatuletea athari za sanaa ya Kijapani kwa wachoraji wa kisasa wa Ulaya. Mada ni nzuri na tunaipokea kwa mikono miwili. Kinachotukera ni kitenzi. Mwanafunzi akiandika kwamba Van Gogh "aliathiriwa" na Hiroshige, kauli ya kutendwa imekwisha kuamua kesi kabla ushahidi haujasikilizwa. Mtenda ni Hiroshige, ambaye alifariki mwaka 1858, Van Gogh akiwa mtoto wa miaka mitano huko Uholanzi. Mtendwa ni Van Gogh, aliyekaa tu akapatwa na jambo, kama mtu anavyopatwa na homa. Hata masikioni neno lenyewe halituliii vizuri, maana tumezoea kulisikia pale panapotajwa waathirika wa maradhi na mafuriko. Mwanahistoria wa sanaa Michael Baxandall alilalamikia jambo hilihili mwaka 1985 kuhusu lugha yake ya Kiingereza, kwa hiyo si ugonjwa wetu peke yetu.

Tuzitazame picha zenyewe. Mwaka 1857 Utagawa Hiroshige alichora mvua ya ghafla ikiwanyeshea wapita njia juu ya daraja mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Ni picha ya chapa: mchoraji alichora, fundi mwingine akachonga mbao, mwingine akapiga chapa, na mchapishaji akauza. Mvua ni mistari myembamba inayokata picha nzima, na watu wamejikunyata chini ya miavuli, tusione nyuso zao. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1887, Van Gogh akiwa Paris aliinakili picha hiyo kwa rangi ya mafuta. Chapa za namna hiyo zilikuwa zimefurika Ulaya baada ya Japani kulazimishwa na Marekani kufungua bandari zake mwaka 1854. Zilikuwa rahisi, naye alinunua mamia.

Katika nakala yake maji si tambarare tena, yana mapigo mazito ya brashi. Daraja limekolea manjano. Na kwa kuwa turubai lake halikulingana na umbo la chapa, nafasi iliyobaki pembeni aliijaza kwa maandishi ya Kijapani aliyoyaokota katika chapa nyingine. Hakujua kuyasoma. Hayahusiani na daraja wala mvua. Tunathubutu kusema kwamba pambizo hilo ndilo sehemu dhaifu kuliko zote, kwa sababu hapo herufi zimekuwa mapambo tu, mfano wa mtu anayevaa fulana yenye maneno ya lugha asiyoijua. Alifanya vivyo hivyo mwaka huohuo kwa picha nyingine ya Hiroshige ya 1857, ile ya bustani ya miplamu huko Kameido, ambapo shina la mti limewekwa karibu mno na macho yetu hata likaikata picha vipande. Karatasi ya miraba aliyotumia kunakilia mti huo ingali imehifadhiwa mjini Amsterdam. Alikuwa anajifunza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anavyofuatisha irabu.

Basi twende Novemba 1888. Van Gogh sasa yuko Arles, kusini mwa Ufaransa, na anachora mpanzi shambani wakati wa jua kuchwa. Mpanzi ni wa Jean-François Millet, ambaye alikuwa akimnakili kwa miaka. Lakini mbele ya macho yetu shina jeusi la mti limekatiza picha kwa mshazari, na hilo ni shina la Kameido. Hakuna kimono, hakuna pambizo, hakuna hata herufi moja ya Kijapani. Mtu asiyemjua Hiroshige hataona kitu cha kigeni. Walimu wa sarufi watatuelewa haraka: "kitabu" kilitoka Kiarabu, na huko hiyo "ki" ni sehemu ya mzizi. Kiswahili kikaifanya kiambishi cha ngeli, kikasema "vitabu", na mambo yakaisha. Je, hapo Kiswahili kiliathiriwa? Sisi tunaona kwamba Kiswahili kilifanya kazi. Daraja la 1887 ni neno lililoandikwa kwa tahajia ya kigeni. Mpanzi wa 1888 ni neno lililokwisha kupata wingi.

Aidha, mkopeshaji naye alikuwa mkopaji. Ile buluu ya Hokusai katika wimbi lake maarufu la takriban mwaka 1831 ni rangi iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Namna ya kuonyesha umbali kwa mistari inayokutana mahali pamoja, wachoraji wa Edo waliipata katika picha zilizoingia kupitia kwa Waholanzi wa Nagasaki, nyingine zikipitia China, nao wakaipinda walivyotaka. Hapo atafutaye chanzo kimoja ana safari ndefu.

Linalotusumbua zaidi ni kwamba kitenzi chetu hakigawiwi kwa haki. Mwaka 1876 Claude Monet alimchora mkewe Camille amevaa kimono chekundu, akishika kipepeo, na vipepeo vingine vimetapakaa ukutani nyuma yake. Picha imejaa vitu vya Kijapani, ila imejengwa Kizungu kabisa. Vitabu huliita hilo shauku na udadisi. Mwaka 1884 kijana wa Kijapani, Kuroda Seiki, alifika Ufaransa kusomea sheria, akaiacha, akajifunza rangi ya mafuta kwa Raphaël Collin, akarejea kwao mwaka 1893. Huyo kwa kawaida huambiwa kwamba aliiga. Mzungu akichukua ni ubunifu, Mjapani akichukua ni uigaji, nasi tunanakili mgawanyo huo katika tasnifu zetu bila hata kuutilia shaka.

Mwaka 1897 Kuroda alichora mwanamke aliyeketi kando ya ziwa huko Hakone. Amevaa kimono na ameshika kipepeo, kama Camille. Lakini kimono hiki ni nguo yake ya kila siku, mwanga wa ziwani umepakwa kwa ufundi uliojifunzwa Ufaransa, na mwanamke hatutazami sisi. Tunawaomba wanafunzi waziweke picha hizi mbili mezani pamoja, kisha watuandikie sentensi tano bila neno "athari".