Anayebaki Baada ya Sindano

Daktari wa ganzi ndiye hupewa sifa za epidurali. Anapapasa kiuno, anatafuta nafasi kati ya pingili, anapenyeza kijibomba chembamba, na baada ya muda mama aliyekuwa akiuma shuka anauliza kama kuna chai. Mimi namsifu anayebaki naye: sista wa leba.

Kwanza presha, kila baada ya dakika 5, kwa kuwa dawa hulegeza mishipa ya damu na presha huweza kuporomoka. Mama halali chali. Hulazwa ubavu, tumbo lisije likabana mshipa mkubwa. Kisha kipande cha barafu. Sista anayejua kazi hukigusisha begani kwanza, pasipo na ganzi, ili mama ajue baridi yenyewe ikoje. Ndipo anaanzia pajani, akipanda taratibu: "Hapa je, mama? Na hapa?" Baridi ikianza kusikika karibu na kitovu, vyema. Ikiwa haisikiki hadi kwenye matiti, na vidole vya mikono navyo vinakufa ganzi, dawa imepanda mno. Daktari aitwe mbio. Kibofu nacho kikijaa, mwenyewe hana habari. Ni sista wa kukikumbuka.

Epidurali hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za Nairobi. Kikima, juu kwenye vilima vya Mbooni, uchungu kwa kawaida hupitiwa kwa kutembea, kukandwa mgongo na kusemeshwa. Ila ufundi ni ule ule. Sista huweka kiganja tumboni, macho kwenye saa, akahesabu mikazo ya dakika 10 bila kumsumbua mama kwa maswali. Mwenye epidurali huenda asijue mkazo umeanza lini. Kiganja hicho ndicho humwambia asukume sasa.

Hesabu huingia kwenye patografu, chati ya kufuatilia leba. Philpott na Castle, huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, waliichorea mstari wa tahadhari mwaka 1972, ili wakunga wa vituo vya mbali wajue mapema nani ahamishiwe hospitali kubwa. Chati iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa Kikima, naweza kusema, kuliko wa Nairobi.

Epidurali ikifika Mbooni, kikwazo hakitakuwa dawa tu. Bupivakeini, dawa yenyewe, hutumika pia kwa ganzi ya upasuaji wa uzazi. Kikwazo kikubwa ni mikono. Presha ya kila dakika 5 haipimiki na sista mmoja mwenye akina mama wanne, mmoja wao akiwa tayari anasukuma.