Fundi wa Saa Saba Mchana

Oktoba ya Tabora haina mzaha. Mvua hazijashuka, vumbi la njia ya Sikonge limelala juu ya majani ya miembe, na ndipo magari ya zamani yanapoanza visa. Land Rover iliyowaka asubuhi bila kusumbua inafika mjini saa saba mchana, inaanza kumisi, inavuta na kuachia, mwisho inazima katikati ya barabara. Mwenyewe anafungua boneti na kukagua: waya zote zipo, mkanda upo, maji yapo. Akishapumzika kivulini, akijaribu tena inawaka vizuri tu, kama haikuwahi kumwaibisha mtu.

Kwa gari la namna hii ndipo utakapomjua fundi wa kabureta. Fundi wa giaboksi ana nafuu: jino likivunjika leo, kesho atalikuta limevunjika vilevile. Huyu wa kabureta anatafuta kosa linalojifuta injini ikipoa. Mpelekee gari jioni, atakwambia, “Rudi nalo kesho saa saba, bosi, na uje umelizungusha kwanza.” Wapo wanaomwona mvivu kwa jibu hilo. Mimi naona ndipo kazi yake inapoanzia.

Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Tabora nayo iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hata maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 96. Kwa hiyo mafuta yaleyale yanayotulia Dar es Salaam hugeuka mvuke mapema zaidi huku. Tena pampu ya mafuta ya injini nyingi za zamani imefungwa ubavuni mwa bloku, inafyonza kutoka tangi lililo nyuma, na kule kufyonza kunapunguza mgandamizo ndani ya bomba. Mgandamizo ukishuka, petroli huchemka upesi zaidi. Pampu iliundwa kusukuma kimiminika. Ikijaa mvuke inabaki kupiga hewa huku kabureta ikikauka.

Hiyo ni njaa. Upo pia ugonjwa wa shibe, na dalili zake zinakaribiana mno. Ukizima injini yenye moto, feni inasimama, lakini chuma cha manifodi bado kinaunguza. Joto linapanda hadi kwenye kabureta, petroli iliyo kwenye bakuli la boya inachemka na kumwagikia ndani ya injini. Ukirudi kutoka dukani na kupiga stata, inazunguka tu, haishiki. Dereva asiyejua anapampu akseleta, yaani anamwongezea maji anayezama. Dawa yake ni kukanyaga akseleta hadi chini, kuishikilia bila kupampu, na kuzungusha stata mpaka hewa iingie ya kutosha. Wahandisi wa Toyota walilijua tatizo hili: baadhi ya Land Cruiser za injini ya 2F walizifungia feni ndogo ya kupoza kabureta baada ya gari kuzimwa.

Sasa mtazame fundi anavyotofautisha. Kwanza pua. Harufu kali ya petroli inamwambia shibe. Ikikosekana, anashuku njaa. Anatoa kifuniko cha filta ya hewa, anainama juu ya koo la kabureta na kuvuta kiungo cha akseleta kwa kidole. Kijimkondo chembamba kikiruka, bakuli lina mafuta. Pasiporuka kitu, anafungua mfuniko wa tangi na kutega sikio, kwa kuwa tundu la hewa la mfuniko likiziba, tangi huvuta hewa kwa nguvu likifunguliwa, na lawama zote za joto zinageuka bure. Plagi nayo ina ushahidi: nyeusi na mbichi, au kavu na nyeupe. Halafu anamgeukia mwongo mkubwa, koili, ambayo ikishika moto hupoteza cheche na kuigiza dalili zote za mafuta. Anachomoa waya wa plagi na kutazama cheche papo hapo, injini ikiwa bado ya moto, kabla ya kulowesha kitambaa na kuizungushia pampu. Kitambaa, narudia, kwa sababu wanaomwagia manifodi ndoo ya maji baridi huishia kuipasua.

Hata zamani safari za huku ziliamriwa na jua. Wapagazi wa Kinyamwezi walianza kutembea alfajiri na kutua mizigo kabla ya adhuhuri, na wageni kama Burton, msafiri Mwingereza aliyeingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, iliwabidi wafuate saa zao. Mwenye gari la kabureta anayekwenda Urambo mwezi wa Oktoba akiondoka kumepambazuka, sitamcheka.

Matengenezo yenyewe hayana mbwembwe. Bomba la mafuta linasogezwa mbali na eksozi. Kati ya kabureta na manifodi inawekwa gasketi nene ya kuzuia joto, na chini yake kipande cha bati kilichokatwa vizuri. Sailensi inarekebishwa injini ikiwa na moto wake wa kawaida. Kisha gari linazungushwa, linazimwa juani boneti ikiwa imefungwa, na watu wanasubiri.

Shida huja kwenye malipo. Mteja amefika na koili mpya mkononi, aliyoinunua kwa ushauri wa jirani, na fundi anamrudishia ikiwa ndani ya boksi lake.

“Sasa nikulipe nini, fundi, na hujabadilisha spea hata moja?”

“Ningeifunga hiyo koili, ungeniuliza?”

Mteja anacheka, anaomba apunguziwe, na fundi, akiwa anafuta mikono, anakataa.