Jiwe la Tabaka kwenye ngazi: sanaa ya maeneo ya pamoja katika ghorofa za Rongo

Kila nyumba ya ghorofa ya kupangisha ina sehemu zisizo za mpangaji yeyote: lango, korido, ngazi. Kuta zake husuguliwa na mabega, vitanda vinavyohamishwa, mitungi ya gesi na mikono ya watoto. Kwa hiyo uteuzi wa sanaa ya kuwekwa hapo huanza na malighafi, uzuri wa umbo hufuata. Rongo, mji wa Kaunti ya Migori ulio kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori, umebahatika kwa hilo: machimbo ya mawe ya sabuni ya Tabaka, Kaunti ya Kisii, yako jirani, na ufinyanzi na ususi wa Waluo uko nyumbani.

Jiwe la Tabaka huchimbwa kwa mikono na kuchongwa likiwa na unyevu. Mchongaji hutoa umbo kwa panga, hulitia sura kwa patasi na kisu, kisha tupa na msasa wa maji hufuta alama za vyuma. Kusugua na kuosha mara nyingi ni kazi ya wanawake, nayo ndiyo inayoamua kama mchongo utang'aa au utabaki na ukungu. Likikauka hupakwa nta, na hapo weupe, uwaridi au ukijivu wake hujitokeza wazi. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, amelifikisha jiwe hili hadi makao makuu ya UNESCO mjini Paris, kwa mchongo wa ndege.

Ulaini unaomsaidia mchongaji humsumbua mwenye nyumba. Ufunguo uliopitishwa ovyo huacha mstari mweupe usiofutika ila kwa msasa. Tena ni zito: lita moja ya jiwe ina takriban kilo 2.7, hivyo mchongo wa lita 20 hufikia kilo 54 hivi. Mchongo wa namna hiyo haufai kuning'inizwa. Mahali pake ni ghorofa ya chini, juu ya kitako cha zege, ukishikwa na pini ya chuma kisichoshika kutu, maana kutu hupenya na kulitia jiwe doa. Vibao vyembamba vilivyochongwa vinaweza kupanda ukutani, mradi viwe juu ya usawa wa bega.

Vyungu huchomwa kwa moto wa wazi, huwa na vinyweleo na huvunjika kwa pigo dogo. Hivyo huhitaji kidaka chenye kina kuzidi tumbo la chungu, na kidaka hicho hupangwa ukuta unapojengwa. Mafundi wa nyumba za mawe za Lamu walilijua hilo zamani. Vidaka vyao vilihifadhi vyombo vya kauri bila kula nafasi ya chumba. Vikapu na mikeka ya mafunjo, hata ikipendeza vipi, isiwekwe kwenye ngazi: hushika moto upesi, na ngazi ndiyo njia ya kukimbilia.

Kaunti ya Migori yenyewe ina kielelezo cha kale cha makazi ya pamoja. Maboma ya Thimlich Ohinga, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, yalijengwa kwa mawe yasiyounganishwa kwa udongo wala saruji, kuta zikifika mita 4.2. Ndani yake mmechongwa mashimo ya bao juu ya mwamba. Kazi hiyo haikuogopa mikono. Ilitengenezwa kwa ajili yake. Benchi la zege lenye mashimo ya bao kwenye lango la ghorofa lingefuata mantiki hiyohiyo, na lingedumu kuliko picha yoyote ya karatasi.

Linabaki jina la msanii. Michongo mingi ya Tabaka hupita kwa madalali na kufika sokoni bila jina, dhuluma inayorekebishika kwa kununua moja kwa moja kwa mchongaji. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa msanii haki ya kutambuliwa, na hulinda kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kununua mchongo si kununua hakimiliki. Kibao kando ya kila kazi kitaje jina la aliyeichonga, kijiji, malighafi na mwaka, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama kwenye ngazi.