Herufi za Chuoni, Lugha ya Mtaani

Mtoto wa madrasa hapa Ziwani, Nairobi, sawa na mwenzake wa Pumwani, huweza kusoma herufi za Kiarabu bila kusita na bado asielewe Kiarabu chenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanazuoni wa Mombasa, alimjua vizuri msomaji wa namna hiyo, akamtengenezea gazeti. Mwaka 1930, mjini Mombasa, alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu iliyogawiwa bure. Mwaka 1932 akafuatiliza Al-Islah, gazeti la kila wiki la Kiswahili na Kiarabu, lililokoma 1933. Siasa ya magazeti haya naiona katika umbo lao kabla sijafika kwenye hoja.

Tazama herufi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikuwa umekwisha kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya makoloni ikaanza kazi yake kwa herufi za Kirumi. Mwaka uo huo Sheikh anatoa karatasi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa herufi za chuoni, yaani za madrasa! Aliyesoma chuoni tu, mwanamume au mwanamke, asiyekanyaga shule ya serikali wala ya misheni, alikuwa tayari msomaji wa gazeti. Na kwa kuwa herufi zile hazina p wala ch wala v, Sheikh mwenyewe alishughulika kuzirekebisha zibebe sauti za Kiswahili. Kazi hiyo ya fundi ndiyo siasa yake iliyo wazi zaidi kwangu.

Kisha sikiliza sauti. Makala za Sahifa ni fupi, kila moja na jambo lake: kuuza ardhi, kufuja mali harusini na matangani, kuacha elimu, kuiga mavazi ya Mzungu bila kuiga bidii yake. Hayo ni makemeo, lakini anayekemea anasema "sisi". Angesema "nyinyi", angebaki khatibu juu ya mimbari, nao wasikilizaji wangeinamisha vichwa mpaka amalize. "Sisi" inamshusha, inamkalisha barazani, inamtia ndani ya kosa lile lile. Sheikh alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililoanza Cairo mwaka 1898, jarida la wanazuoni wanaojibizana kwa hoja ndefu. Alichukua fikra za islahi, yaani marekebisho, kutoka huko, akazikata vipande vinavyosomeka kwa sauti kabla ya kahawa kupoa. Kiarabu cha Al-Islah kilimwezesha kusema na wanazuoni wenzake. Kiswahili ndicho kilichomfikisha mtaani.

Unguja walichagua vingine. Al-Falaq, gazeti la Jumuiya ya Waarabu lililoanzishwa 1929, lilitoka kwa Kiarabu na Kiingereza. Ukurasa mmoja unaelekea Uarabuni, wa pili unamwelekea mtawala, na katikati jirani anayesema Kiswahili anarukwa, ingawa Waarabu wengi wa Unguja walizungumza Kiswahili hicho hicho majumbani mwao. Mwaka 1954 makala zake dhidi ya utawala wa Kiingereza ziliwafikisha wakuu wa Jumuiya mahakamani kwa shtaka la uchochezi. Ujasiri huo nauheshimu sana. Lakini lilikuwa gazeti lililodai haki ya nchi katika safu ambazo wengi wa wenye nchi hawakuweza kuzisoma.

Makala za Sahifa zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu, Uwongozi, kwa herufi za Kirumi. Sasa hata msomaji wa Ziwani, mtaa uliojengwa miaka hiyo ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa Nairobi, aliweza kukifungua. Lakini "sisi" ya Sheikh ni Waislamu wa Mombasa. Kuli wa kutoka bara, aliyepakua meli Kilindini miaka ile ile, hasemeshwi humo. Mimi nikisoma kutoka huku Eastlands naligundua hilo mapema, na linaniuma, kwa sababu sauti yenyewe ni nzuri mno.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoisoma Uwongozi kama mawaidha ya nyakati zote. Kitabu kimezitenga makala hizo na wiki zilizozizaa. Sheikh alikuwa akiandika habari za mji wa 1930 na 1931, kwa watu waliokuwa wakiuza viwanja vyao mmoja baada ya mwingine, na walionunua aliwaona.