Kuitambua Cherehani Kongwe Iliyofufuliwa Vizuri

Muuzaji wa cherehani kongwe hukuonyesha rangi kwanza, kwa kuwa anajua macho ndiyo yanayotoa pesa. Wewe anza na mkono. Toa uzi na bobini, inua kiguu kinachobana kitambaa, kisha zungusha gurudumu kuja upande wako, polepole, mizunguko kadhaa. Cherehani iliyofufuliwa na fundi wa kweli huenda kwa uzito ule ule tangu mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, na ukiliachia gurudumu huendelea kidogo lenyewe kabla ya kutulia.

Ikiwa nzito mzunguko mzima, hayo ni mafuta ya miaka mingi yaliyogeuka gundi, hasa pale mwenyewe alipozoea kuipaka mafuta ya kupikia. Hilo lisikukimbize. Mafuta ya taa, tone kwa tone katika kila tundu, yataiachia baada ya muda, ndipo yafuate mafuta ya cherehani yenyewe. Lakini ikiwa nyepesi, halafu ikakaza mahali pale pale kila mzunguko, kuna kitu kimepinda au kinasugua, au uzi umejisokota nyuma ya kulabu inayokamata uzi wa sindano. Aliyekuambia ameifufua bila kuiondoa kasoro hiyo hakuifungua. Mwisho, shika gurudumu ulitikise mbele na nyuma kidogo tu. Fimbo ya sindano inatakiwa kujibu papo hapo. Gurudumu likicheza huku sindano imetulia, chuma kimelika ndani, na chuma kilicholika hakiponi kwa mafuta.

Nyingi utakazokutana nazo, iwe kwa mafundi wanaopinda kanga Biashara Street kule Mombasa au kwenye vibaraza vya Kariakoo, ni za ukoo mmoja: Singer modeli ya 15 na wajukuu zake. Singer iliijenga kwa miongo mingi. Zenye alama 15K zilitoka kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kiwanda hicho kilikuwa kikitoa zaidi ya cherehani milioni moja kwa mwaka, na kituo cha reli kilichokuwa kando yake kinaitwa Singer hadi leo. Baada ya Vita vya Pili Wajapani waliiga umbo hilo la 15 kwa wingi, Wahindi nao wakaliiga, na Shanghai ikatuletea Butterfly. Ndiyo maana bobini ya Butterfly hukaa vizuri ndani ya Singer ya bibi yako.

Jambo hilo ni neema kwa fundi na mtego kwa mnunuzi. Kichwa cha Singer chaweza kuwa kimebeba nusu ya viungo vya mashine nyingine. Fungua bamba la ubavuni, inamisha kichwa utazame chini, utafute chapa ya SIMANCO kwenye vipande vya chuma. Hiyo ni alama ya viungo vya Singer wenyewe. Kiungo cha kigeni si aibu, mradi kikae sawa na muuzaji aseme kipo. Kisha soma namba iliyopigwa kwenye kitako. Namba za Clydebank zinazoanza na Y ni za miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930; zile za EA zinaanzia katikati ya miaka hiyo ya 1930. Namba hukueleza kichwa kilitengewa fungu la mwaka gani, lakini kuhusu meza, miguu ya chuma na gurudumu la chini haikuambii kitu, maana hivyo vilihamishwa ovyo kutoka mashine moja hadi nyingine.

Sasa tazama skurubu. Hapa ndipo mimi humjua fundi hata kabla sijamwona. Skurubu za Singer zina mfereji mwembamba unaotaka bisibisi ya upana wake hasa. Vichwa vilivyotafunwa, vyenye makovu na mikwaruzo inayotokea pembeni, vinasema aliyefanya kazi alitumia kisu au bisibisi yoyote iliyokuwa karibu, na mtu wa namna hiyo hakuwa na subira ya kurekebisha tensheni. Vikiwa vizima baada ya miaka sabini, mashine imepita katika mikono yenye heshima.

Rangi nayo ina mengi. Weusi wa Singer za zamani ni rangi yenye lami iliyookwa kwenye tanuri, nakshi za dhahabu zikawekwa juu yake, kisha vanishi. Katika nyingi za zamani vanishi hiyo ni ya sheleki, utomvu wa wadudu, nayo huyeyuka kwa spiriti. Mtu akiisugua kwa spiriti ili ing'ae, ung'aavu wenyewe unaondoka na weusi unabaki na ukungu. Sabuni kali zenye amonia huwahi kwenye dhahabu: nakshi hugeuka fedha, na haiko dawa ya kuirudisha. Kusafisha kunakostahili ni kwa mafuta ya cherehani na kitambaa cha pamba, kurudia na kurudia hadi kitambaa kitoke safi.

Mimi huthamini kichwa ambacho nakshi zake zimefifia kwenye ukingo wa mbele, pale kitambaa na mikono vilipopita kwa miaka, kuliko kichwa kilichopuliziwa rangi upya. Kufifia kwa mahali hapo kunafuata kazi. Nakshi zikifutika nyuma ya nguzo, ambako mshonaji hagusi, hapo pameharibiwa na mtu. Rangi mpya hujifichua pembezoni mwa beji ya shaba na ndani ya mifereji ya skurubu: tafuta tabaka nene lililojaa kwenye kona, na nakshi zenye manjano makali ambazo ukucha unazihisi zimesimama juu ya rangi. Aliyepaka rangi namna hiyo amefuta historia ya mashine, na bei ya juu anayodai ni malipo ya hasara.

Sehemu zenye nikeli zifikirie pamoja na bahari. Mtu akikwangua kutu kwa msasa, nikeli huondoka nayo, na katika hewa ya chumvi ya Tanga au Unguja chuma kilichobaki uchi kinaota kutu tena upesi. Nikeli yenye madoadoa lakini nzima inashinda chuma kinachometa chenye mistari ya msasa.

Yote hayo ni ya mezani. Mshono ndio ushahidi. Tia uzi mweupe juu na mwekundu chini, ushone kwanza tabaka moja la kanga, kisha khaki iliyokunjwa mara nne. Usivute kitambaa, kiachie meno ya chini yakisogeze. Kikienda upande, meno yamelika au kiguu hakikanyagi sawa. Nyuzi mbili zinatakiwa kukutana ndani ya kitambaa, usione nukta nyekundu juu wala nyeupe chini. Nukta nyekundu juu ni tensheni ya juu iliyokaza mno, au ya chini iliyolegea. Halafu shona mstari wa mshazari, uvute kwa nguvu: ukikatika uzi mmoja tu, huo ndio uliokazwa zaidi. Mashine inayoshona kanga bila kuikunja na khaki bila kuruka, pasipo kugusa tensheni katikati, imerekebishwa na anayejua.

Usiihukumu mashine haraka inaporuka mishono, hata hivyo. Katika modeli ya 15 sindano hutungwa kutoka kulia kwenda kushoto, upande bapa ukitazama kushoto. Wengi huiweka kinyume, wakaiuza mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu. Vivyo hivyo gurudumu likigoma kuachia wakati wa kujaza bobini: mara nyingi ni washa ndogo yenye masikio iliyorudishwa kichwa chini.

Zile adimu zina hukumu yake. Modeli ya 221, iliyotoka mwaka 1933, ni ya alumini na uzito wake hauzidi sana kilo tano. Ndugu yake 222K, yenye mkono ulio wazi wa kushonea mikono ya nguo, ilitengenezwa Clydebank tangu miaka ya 1950, na wakusanyaji wa Uingereza na Marekani huigombea. Mimi moyo wangu uko kwa modeli ya 27 na ndogo yake ya 28, baadhi zikiwa na nakshi za Sphinx wa Misri, zote zikiwa na bobini ndefu nyembamba inayokaa ndani ya kifuko cha chuma chenye ncha. Kifuko hicho ndicho hupotea kwanza. Kitoe mwenyewe kabla ya kulipa, pitisha ukucha kwenye ncha. Iliyobutuka itaruka mishono hata kichwa kingekuwa safi namna gani. Vifuko vya kuiga vipo, ila vingi vinataka kulainishwa kabla ya kupita vizuri, kwa hiyo gharama hiyo iondoe kwenye bei kabla hujakubaliana na muuzaji.