Kigeu Nasibu Kabla ya Kanuni: Uhakiki wa Ufundishaji wa Migawanyo ya Uwezekano kwa Mifano ya Kinjumbi, Kilwa

1.0 Utangulizi

Dhana ya uwezekano humfikia mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania kwa hatua mbili. Misingi yake hutolewa katika Hisabati ya kidato cha nne, kisha Hisabati ya Juu ya kidato cha tano na cha sita huipanua hadi kufikia vigeu nasibu na migawanyo ya uwezekano. Katika hatua zote mbili mifano iliyozoeleka ni sarafu, dadu, karata na mipira ya rangi ndani ya mfuko. Uhakiki huu unajadili athari za mazoea hayo kwa kutumia mazingira ya kata ya Kinjumbi, wilayani Kilwa, mkoani Lindi, ambako maisha hutegemea mvua, shamba na barabara. Hoja inayotetewa ni kwamba mwanafunzi hufunzwa kukokotoa mgawanyo kabla ya kufunzwa kuamua ni kitu gani kinahesabiwa, ilhali uamuzi huo ndio kigeu nasibu chenyewe.

2.0 Dhana na Istilahi

Kigeu nasibu ni kanuni inayolipa kila tokeo la jaribio namba yake. Mgawanyo wa uwezekano huonesha namba hizo na uzito wa kila moja, na jumla ya uzito wote huwa 1. Sarafu ikirushwa mara mbili huwa na matokeo manne yenye uzito sawa. Iwapo kinachohesabiwa ni idadi ya vichwa, kigeu huchukua thamani 0, 1 na 2, na uwezekano wake ni 1/4, 1/2 na 1/4. Iwapo kinachohesabiwa ni kufanana kwa mirusho miwili, ambapo 1 ni kufanana na 0 ni kutofanana, mgawanyo huwa 1/2 na 1/2. Sarafu ni ileile na mirusho ni ileile, lakini migawanyo ni miwili. Kilichobadilika ni swali la mtazamaji.

Jambo hili hupotea kwa urahisi darasani kwa sababu mbili. Kwanza, swali la mtihani kwa kawaida huja likiwa limekwisha kuchagua kigeu, na kazi inayobaki ni kuingiza namba katika kanuni. Pili, kuna suala la lugha. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi katika shule za umma, lakini sekondari hufundisha Hisabati kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukutana na dhana hii kwa mara ya kwanza katika lugha ambayo hakuitumia kukisia mvua wala kupima mashaka. Hata istilahi ya Kiswahili ina mtego wake. Neno nasibu, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya bahati au fungu la mtu, na katika matumizi ya kila siku husikika zaidi katika bahati nasibu. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba kigeu nasibu ni kitu kisicho na utaratibu wowote. Kihisabati, tokeo moja halijulikani kabla ya kutokea, lakini mpangilio wa matokeo mengi unaweza kuelezwa kwa usahihi.

Hata hivyo, Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Neno pengine humaanisha pia mahali pengine, na kwa hiyo hubeba wazo kwamba jambo lingeweza kuangukia upande mwingine. Neno huenda limejengwa kwa kiambishi hu-, ambacho huonesha mazoea. Msemaji anayesema huenda mvua ikanyesha anatumia umbo la jambo linalojirudia. Wazo la matokeo mbadala na wazo la marudio, ambayo ni nguzo mbili za nadharia ya uwezekano, tayari yamo katika sarufi ambayo mwanafunzi anaimudu. Ufundishaji unaoyapuuza humfanya aanze upya safari ambayo nusu yake ameshaikamilisha.

3.0 Sarafu na Shimo la Mbegu

Ni haki kukiri nguvu ya sarafu na dadu. Ulinganifu wa maumbo yake huwezesha uwezekano kujulikana bila kukusanya takwimu, na hesabu zake ni fupi. Barua za Pascal na Fermat za mwaka 1654, zinazohesabiwa kuwa mwanzo wa nadharia hii barani Ulaya, zilihusu mgawanyo wa dau katika mchezo uliokatizwa. Lakini kwa waandishi hao mchezo ulikuwa tatizo halisi la jamii yao. Kinachostahili kurithiwa kutoka kwao ni tabia ya kuanza na tatizo lililopo, si dadu zao. Katika pwani ya Kilwa, yenye Waislamu wengi, karata na dau hubeba pia hukumu ya kimaadili kuhusu kamari, na hukumu hiyo inaweza kumfanya mwanafunzi aone somo zima kama elimu ya wacheza kamari.

Mfano wa shamba huonesha kile ambacho sarafu huficha. Tuseme mkulima anatia mbegu tatu za mahindi katika kila shimo, na uwezekano wa mbegu moja kuota ni 0.7. Kigeu ni idadi ya mbegu zilizoota katika shimo, chenye thamani 0 hadi 3. Kwa mgawanyo wa binomia, uwezekano wa shimo kubaki tupu ni 0.3 × 0.3 × 0.3, yaani 0.027. Kwa wastani, mashimo chini ya matatu katika kila mia yatahitaji kurudishiwa mbegu. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa sarafu pekee atatosheka na jibu hilo.

Kanuni ya binomia, hata hivyo, hudai kwamba majaribio yawe huru. Mirusho ya sarafu ni huru. Mbegu za shimo moja hunywa mvua ileile. Tuseme basi kwamba katika misimu 5 kati ya 7 mvua huwa nzuri na mbegu huota kwa uwezekano wa 0.9, na katika misimu 2 iliyobaki mvua hukatika na uwezekano hushuka hadi 0.2. Wastani wa kuota unabaki 0.7 uleule. Lakini uwezekano wa shimo kubaki tupu sasa ni 5/7 × 0.001 kujumlisha 2/7 × 0.512, yaani takribani 0.147. Hatari imeongezeka zaidi ya mara tano bila wastani kuguswa. Zaidi ya hayo, mashimo hayo matupu hayatawanyiki sawasawa katika miaka: mengi huja pamoja katika msimu mbaya, wakati ambapo kila jirani naye hana mbegu za ziada. Mwanafunzi anayeijua kanuni bila kujua sharti lake atatoa jibu sahihi la daftari na ushauri mbaya wa shamba.

4.0 Vimbunga na Mgawanyo wa Poisson

Mgawanyo wa Poisson hutumika kwa idadi ya matukio adimu katika kipindi fulani. Mfano wake maarufu ni wa Bortkiewicz, aliyechapisha mwaka 1898 hesabu za askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika rekodi 200 za kikosi kwa mwaka, vifo vilikuwa 122, sawa na wastani wa 0.61. Kanuni hutabiri kwamba rekodi zisizo na kifo zingekuwa takribani 109, na zilizohesabiwa zilikuwa 109. Mfano huu ni mzuri kwa sababu kigeu chake kiko wazi: kifo, sababu yake, kikosi na mwaka vimetajwa.

Pwani ya Tanzania ina mfano ulio karibu zaidi na ulio mgumu zaidi. Kimbunga kilipiga Zanzibar Aprili 1872. Kingine kilipiga Lindi Aprili 1952. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani, mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Kwa ajili ya zoezi, orodha hii ya vimbunga vitatu ichukuliwe kuwa imekamilika. Matukio 3 katika miaka 153, kuanzia 1872 hadi 2024, hutoa uwezekano wa takribani 0.445 wa kupata angalau kimbunga kimoja katika miaka 30 ijayo. Lakini hesabu iliyoanza na mwaka wa kimbunga imejipendelea. Ikianzia mwaka 1873, matukio ni 2 katika miaka 152, na uwezekano hushuka hadi takribani 0.326. Anayehesabu vimbunga vilivyoupiga mji wa Lindi peke yake, au anayehesabu siku ambazo barabara ilikatika kwa sababu yoyote ya mvua, atapata majibu mengine kabisa.

Hakuna kosa la ukokotoaji katika jibu lolote kati ya hayo. Tofauti imetokana na kigeu: nini kimeitwa kimbunga, wapi, na tangu lini. Hata jibu dogo zaidi lina funzo zito, kwa kuwa jambo linaloonekana kuwa la karne moja lina nafasi ya karibu moja kwa tatu ya kutokea katika miaka 30, muda ambao nyumba au kalavati hutarajiwa kudumu. Mtu anayetoka Kinjumbi ana sababu ya kujua jinsi namba ya namna hii inavyoundwa, maana kwa namba hiyo huamuliwa ukubwa wa daraja atakalovuka.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba udhaifu wa mifano ya sarafu na dadu hautokani na ugeni wake, bali na ukamilifu wake: kigeu kimeshachaguliwa, uhuru wa majaribio umehakikishwa, na uwezekano umetolewa bure. Maisha hayatoi hata kimoja kati ya hivyo. Kuweka korosho mahali pa mipira ya rangi hakutoshi iwapo swali litabaki lilelile. Kinachohitajika ni kubadili mpangilio wa somo, ili kila kanuni itanguliwe na maswali matatu: nini kinahesabiwa, nini kinadhaniwa kuwa huru, na namba ya uwezekano imepatikana wapi. Maswali hayo yajadiliwe kwa Kiswahili pale yanapoeleweka zaidi kwa lugha hiyo, na mtihani uyatengee alama zake badala ya kutoa alama zote kwa jibu la mwisho. Bila hivyo, mwanafunzi atafaulu somo la uwezekano na kuendelea kuamini kwamba mashaka ya shambani kwao ni suala la bahati tu.